Bei ya Meno ya Mama Pini

Msusi ana mikono miwili tu, na taabu yake inaanzia hapo. Mkono mmoja umeshika fungu la nywele lisianguke, wa pili umeshika kitana, na pini bado imejifumba, inataka kufunguliwa. Sasa nani aifungue? Wenye kazi yao wanajua jibu. Unaibana kwenye meno ya mbele, unaivuta kidogo, inapanuka, unaichomeka kichwani kwa mtu. Ukifanya hivyo mara moja hakuna neno. Ukifanya hivyo tangu usichana wako mpaka watoto uliowasuka wanakuletea watoto wao, meno yanaanza kukudai.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja ambaye saluni nzima na mtaa mzima walimwita Mama Pini. Mtoto hakuwa naye, umama ulikuwa wa heshima tu. Meno yake mawili ya juu, yale ya katikati, yalikuwa yamelika kwa ndani, yakaacha pengo ambalo njiti ya kiberiti ilipita bila hodi. Na wigi za kushonea nazo, uzi wake aliukata kwa meno hayohayo, mkasi uko mezani unamwangalia. Ukimwambia, "Mama Pini, mkasi huo hapo," anakujibu, "Mkasi una safari, meno yapo nyumbani." Watu wanacheka, na yeye anacheka mdomo wazi, pengo lote nje, hana habari.

Kabla sijaendelea, uelewe kiti cha saluni kilikuwa nini kwake, usije ukadhani nakusimulia habari za mama mmoja mpenda urembo. Mama Pini alipoachika alirudi kwa kaka yake na sanduku moja. Kaka hakuwa na neno, kaka ni damu. Neno lilikuwa kwa wifi. Wifi yule, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, hakuwa mtu wa matusi. Angetukana ingekuwa nafuu. Yeye alitangaza. Mama Pini akichota sukari, wifi anasema kwa sauti, "Hicho kijiko cha pili, wifi yangu." Akiwasha taa anaulizwa anatafuta nini usiku huu. Wageni wakija, wifi anawaambia huku anacheka, "Huyu mgeni wetu wa siku mbili," na kila mtu anajua methali hiyo inamalizikaje. Na jembe alipewa kweli: alifua, alipika, alilea, halafu alilala sebuleni baada ya wenye nyumba kuchoka kutazama televisheni.

Aliishi hivyo mpaka Bi Mkubwa, mwenye saluni, alipompa kiti. Saluni ile kila msusi alikuwa na kiti chake na kioo chake, anapamba wateja wake, anampa mwenye saluni sehemu yake, inayobaki ni riziki. Kwa riziki hiyo Mama Pini akapanga chumba. Kitanda, jiko la gesi, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao peke yake. Siku ya kwanza alikunywa chai yenye sukari mpaka ikamkinai, akijichotea kijiko baada ya kijiko, hakuna wa kumtangaza. Kiti kikiondoka, chumba kinaondoka, na njia inayobaki ni moja, ya kwa wifi. Mwenyewe alikuwa anasema, "Kule sirudi. Afadhali wanizike."

Sasa Bi Mkubwa miguu ikamshinda, akakaa nyumbani, saluni akamwachia bintiye. Tumwite Bosi Mdogo, kama walivyomwita wenyewe akiwa hayupo. Binti huyo Mama Pini alimsuka akiwa bado anafutwa kamasi, na mpaka leo anamwita mama mdogo. Siku moja akamwita ofisini. Ofisi yenyewe ni stoo ya shampuu na mafuta, mkikaa wawili magoti yanagongana.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama mdogo, unajua jinsi ninavyokuheshimu."

Hapo Mama Pini akajua ameumia. Mtu akikuanza na heshima bila sababu, kaa chonjo.

"Tunabadilisha saluni," Bosi Mdogo akaendelea. "Nataka tupambe maharusi zaidi. Maharusi wanalipa, ila wanachagua."

"Si nimewapamba maharusi tangu wewe unatambaa?"

"Ndiyo, na kazi yako hakuna anayeilalamikia. Lakini yule wa juzi, mwenye mama mkali, aliniuliza kama hatuna mwingine. Alisema..." Akajigusa mdomo wake mwenyewe. "Meno, mama mdogo."

"Meno yangu yamemng'ata?"

"Yatengeneze tu. Siku hizi wanajazia, hata huwezi kujua kama si lako. Mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nisipoona mabadiliko, kiti itabidi nimpe mwingine. Si mimi, ni biashara."

Si mimi, ni biashara. Hiyo biashara ingekuwa mtu ingeshapigwa mawe zamani. Mama Pini akasema, "Sawa, mwanangu," akarudi kwenye kiti chake, akaendelea kumsuka mteja aliyemwacha nusu kichwa. Siku hiyo hakucheka tena, na ukimwuliza kitu alijibu mkono uko mdomoni.

Kwenye barabara ya benki kulikuwa na kliniki ya meno yenye bango kubwa. Limechorwa mdomo wa mwanamke unang'aa, na chini yake maneno: Tabasamu Jipya, Bei Kuanzia. Halafu tarakimu. Tarakimu yenyewe ilikuwa ya kubebeka. Mama Pini alikuwa nayo tayari, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Aliisoma tarakimu akaliruka lile neno la mbele yake, kama tunavyoliruka wote. Kuanzia. Neno hilo limewaliza watu wazima.

Daktari alikuwa mwanamama wa makamo mwenye miwani, mpole, anaongea kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa. Akamlaza, akamwangazia taa, akamweleza kila kitu bila kumficha. Jino halikatwi. Kuna dawa nyeupe, laini, ya rangi ya jino lenyewe. Inabandikwa pale palipolika, inafinyangwa mpaka ipate umbo, inapigwa taa ya bluu inakuwa ngumu, halafu inasuguliwa mpaka ing'ae. Ukiitunza inakaa miaka kadhaa, halafu inarudiwa. Chai na kahawa zinaitia madoa. Mama Pini akaitikia kila neno kwa kichwa.

"Na ile bei ya bango ni ya jino moja," daktari akasema.

Mama Pini alidhani ni ya mdomo mzima. Akajikaza kisabuni.

"Ukipiga mswaki, fizi zinatoa damu?"

"Kidogo."

"Basi lazima tusafishe kwanza, dawa haishiki juu ya ukoga." Kalamu ikaandika. "Maji ya baridi je, unasikia kitu?"

"Nasikia, hapa."

"Basi tupige picha, tuone mzizi ukoje." Kalamu ikaandika tena.

Mama Pini alikuwa amelala chali, lakini akili ilikuwa imesimama. Aliona kila akisema ndiyo bei inapanda ngazi. Kumbe ukweli ndio unaouzwa hapa, akawaza, basi mimi siununui tena.

"La mwisho," daktari akasema. "Haya meno unayafanyia kitu kingine zaidi ya kula? Kufungua soda, kukata uzi, kushika vitu vya chuma? Maana alama hizi si za chakula."

"Hapana, daktari."

"Unafanya kazi gani?"

"Biashara ndogondogo."

Daktari akamtazama kwa juu ya miwani. "Nakuuliza kwa sababu hii dawa ni ya sura, si ya kazi. Ukiuma nayo chuma inabanduka, na kurudishia ni bei ileile. Kama ungekuwa unayatumia hivyo, ningekushauri vingine kabisa."

Mama Pini aliposikia vingine, alisikia ghali zaidi. Akarudia hapana yake kwa nguvu. Na mimi ninayekusimulia naumia hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu katika maswali yote aliyoulizwa, hilo la chuma ndilo pekee ambalo jibu lake la kweli lilikuwa la bure. Daktari angemwambia, mama, usitoe pesa yako, haitakaa. Basi. Angeinuka pale akaenda zake na kitambaa chake.

Pesa ya kitambaa haikufika hata nusu. Mama Pini alikuwa na draya yake mwenyewe, ile ya kusimama, mteja anaingiza kichwa chini yake nywele zikauke. Aliinunua kidogokidogo kwa muda mrefu, na ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo yenye waya. Akaitangaza, na mnunuzi hakutoka mbali: Bosi Mdogo mwenyewe, tena alilipa bila kuomba apunguziwe. Kesho yake ukatoka utaratibu mpya, kwamba mteja yeyote akikaa chini ya draya, malipo yanakwenda kwa saluni. Mama Pini akawa anatozwa kwa joto alilolinunua kwa jasho lake. Akakubali, maana maji alishayavulia nguo.

Akatengenezwa. Hakuumia. Alipotoka kliniki ulimi ulikwenda kutafuta pengo kwa mazoea, ukalikosa, ukarudi, ukatafuta tena. Alilia barabarani, kilio kizuri, halafu akaanza kuwachekea watu asiowajua, mpaka mlinzi wa benki akamwitikia salamu ambayo hakupewa. Jumapili akaenda kwa kaka yake. Hakuwa na shida huko, alikwenda kucheka tu.

Wifi alimwangalia mpaka chai ikapoa. "Wifi, umeyapata wapi hayo?"

"Kinywani mwangu."

"Kumbe pesa unazo," wifi akasema, na hakumpa hongera.

Bosi Mdogo yeye alimpa. Alimkumbatia mbele ya wateja, akasema, "Unaona sasa, mama mdogo?" Kiti kikawa salama, na ningependa kukwambia hadithi imekwisha hapo.

Lakini mikono bado ilikuwa miwili. Mama Pini akajaribu kufungua pini kwa kucha, kucha zikakatika. Akajaribu kuzifungua mapema, anazipanga nyingi mezani zikiwa wazi, lakini pini ikikaa wazi inalegea, haibani tena, na mteja anafika mlangoni nywele zimeshashuka. Akamwomba jirani yake, Dada wa Kucha, awe anamfungulia. Dada wa Kucha alimsaidia siku moja, siku ya pili akasema, "Mama Pini, na mimi nina vidole vya watu vinaningoja." Kazi ambayo zamani mteja aliifuata saa ya chakula cha mchana akarudi ofisini bila bosi wake kujua, sasa ilimtia matatani. Wateja wakaanza kutazama saa kwenye simu. "Mama Pini, siku hizi umepoa." Mmoja aliondoka kabla hajamalizwa, kafunga kilemba, hakurudi tena.

Nyumbani alikunywa chai kwa mrija isimguse meno. Mkate aliumega kwa vidole, akautafuna kwa pembeni. Usingizini aliota anauma pini, anashtuka anajipapasa mdomo, yapo. Ilifika mahali akawa anayaogopa meno yake mwenyewe. Yalinunuliwa ili kulinda kiti, na sasa yalikuwa yanakila kiti taratibu, mteja mmoja mmoja, na yeye amekaa anaona. Chumba nacho, mwenye nyumba alikuwa ameshagonga, akiuliza kodi kwa adabu. Mama Pini alikaa kitandani siku hiyo akasema peke yake, "Mimi nifanye nini sasa?"

Akaja bibi harusi. Jumamosi, yeye na dada zake na mama yake, na mtindo aliouchagua ulikuwa wa kubana nywele zote juu, mawimbi juu ya mawimbi, pini tupu. Mama Pini alimpenda binti yule mara tu alipokaa. Alikuwa na woga na shukrani, anasema samahani akiguswa sikio. Mama Pini akaanza, pini moja kwa kucha, ya pili kwa kucha, wimbi linainuka huku linashukia kule. Nje gari lilipiga honi. Mama wa bibi harusi akatazama mlango, akatazama kichwa cha mwanawe.

"Huyu anaolewa leo au mwakani?" akauliza, na hakuuliza kwa utani.

Honi ikalia tena. Dada mmoja akasema labda wahamie saluni nyingine, kuna moja pale kona. Bosi Mdogo akaja haraka, akainama kwenye sikio la Mama Pini.

"Mama mdogo, fanya kama zamani. Nakuomba."

"Kama zamani vipi?"

"Kwa kasi yako ile. Wakitoka hapa hivi watanitangaza mji mzima, na mimi na wewe itakuwa basi."

Mama Pini akamwangalia mtoto yule aliyemsuka mabutu. Alitaka kumwuliza, mwanangu, ile kasi unadhani ilikuwa inakaa wapi? Asipouma, kiti kinakwenda sasa hivi, mchana huu, mbele ya watu. Akiuma, huenda Mungu akamstahi, dawa ikashika. Pata potea. Akachukua pini, akaiweka mdomoni.

Ya kwanza ikafunguka, jino likakaa. Ya pili hivyohivyo. Basi mwili ukakumbuka. Mikono ikaanza kukimbia, pini zikajipanga kwenye midomo yake, wimbi likapanda na kusimama, na lingine juu yake, na honi ikalia nje hakuna aliyeijali. Dada zake bibi harusi wakasogea kutazama. Hata mama mtu akakaa. Kwa muda ule mfupi Mama Pini alikuwa na furaha, na nasema hivyo bila kuona haya kwa niaba yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua duniani na alikuwa ameikosa sana.

Halafu akasikia kitu kidogo kikikatika. Hakuna mwingine aliyesikia. Kipande kikamwangukia ulimini, kigumu, kidogo kuliko punje ya mchele. Hakuweza kutema, mbele yake kuna kichwa cha bibi harusi. Mikono yote ina nywele. Akakimeza. Draya yake yote, na pesa ya kitambaa, na picha ya mzizi, vikashuka kooni kwa mate yake mwenyewe, na yeye akachukua pini nyingine akaiuma, maana sasa hakukuwa na cha kutunza.

Akamaliza. Sikiliza, alipamba. Binti yule alipojiona alishika mashavu, macho yakamjaa, mama yake akamwambia asilie ataharibu poda, na mwenyewe analia. Akasimama akamkumbatia Mama Pini kwa uangalifu, asiguse nywele.

"Mama, nataka picha na wewe," akasema. "Dada, tupige."

Bosi Mdogo alikuwa ameshatoa simu, anatabasamu, pumzi zimemrudi. Mama Pini akasimama ubavuni mwa bibi harusi, midomo kaifumba. "Cheka basi, mama, umenifanyia kazi kubwa hivi," binti akamwambia, akambana kiuno, akamtekenya kama mtoto anavyomtekenya mama yake. Mama Pini akasahau. Akacheka.

Bosi Mdogo akaitazama ile picha kwenye simu. Akaitazama tena. Tabasamu lilibaki usoni kwake, ila macho yaliondoka.

"Turudie," akasema. "Mama mdogo, hebu wewe tushikie simu."

Akampa simu, akaenda kusimama pale alipokuwa amesimama Mama Pini, akamshika bibi harusi kiuno. Dada wa Kucha akaitwa, na dada zake bibi harusi, wote wakajipanga mbele ya kile kiti. Mama Pini akainua simu.

"Songa kidogo, mama mdogo, unaonekana kwenye kioo."

Akasonga.

"Bado. Kidogo tena."

Akarudi nyuma hatua kwa hatua, simu iko juu, anawatazama wakiwa wadogo ndani yake, mpaka kisigino kikagusa kizingiti cha mlango na jua la nje likamwangukia mgongoni.

"Hapohapo," Bosi Mdogo akasema. "Hapo huonekani. Piga."

Mama Pini akapiga. Kisha akawaambia wasiondoke kwanza, wakae hivyohivyo, akapiga na nyingine, kwa sababu alijua ya kwanza haikutoka vizuri.